Mfuko wa Kulalia Mtoto Ulioshonwa Mwanjelwa: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Mfuko wa kulalia ni vazi la mtoto mchanga lisilo na mikono wala miguu: juu lina mabega na tundu la shingo kama fulana, chini limefungwa kama foronya, na mbele lina zipu. Mtoto huvalishwa juu ya nguo zake za usiku, kisha hulala bila blanketi, bila shuka la kujifunika na bila mto. Nilimshonea binti yetu mfuko wa namna hiyo mwezi Mei, alipokaribia miezi minne, kwa fundi mmoja wa cherehani mwenye kibanda jirani na soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, na tangu wakati huo umetumika karibu kila usiku na mara nyingi mchana, hadi mwezi huu wa Januari. Muda huo unatosha kuuona uzuri wake na kasoro zake. Kasoro nyingi, niseme mapema, zilitokana na mimi na fundi kuelezana kitu ambacho yeye hakuwahi kukishona wala mimi sikuwahi kumvalisha mtoto.

Msomaji wa Tanga au Dar es Salaam huenda akashangaa kwa nini mtoto atiwe kwenye blanketi lililoshonwa, lakini mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na usiku wa Juni na Julai joto la nje hushuka chini ya nyuzi 10. Chumba chetu ni cha matofali ya kuchoma, hakina dari nzuri, na kipimajoto kidogo nilichokitundika karibu na kitanda cha mtoto kilisoma nyuzi 14 saa kumi alfajiri kwa siku nyingi za Julai. Kabla ya mfuko tulikuwa tukimfunika kwa mablanketi mawili, naye aliyapiga mateke ndani ya nusu saa, au, jambo lililonitisha zaidi, aliyavuta hadi puani. Nilikuwa naamka mara nne au tano usiku, si kwa sababu amelia, bali kwa sababu nilitaka kujua blanketi liko wapi.

Jiko la mkaa nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa ndilo lililonisukuma kwa fundi. Mama mkwe wangu ametoka Makete, ambako watu huota moto jikoni jioni nzima, naye alipokuja kutusaidia aliona ni huruma tu kuingiza jiko chumbani saa moja usiku ili chumba kipate joto kabla ya mjukuu kulala. Tulifanya hivyo jioni mbili. Jioni ya pili niliumwa kichwa na nikahisi kichefuchefu, mume wangu akafungua dirisha na kulitoa jiko uani, na hapo ndipo tulipokumbushana kwamba mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu waliolala bila wao kushtuka. Tangu jioni ile tulikubaliana kwamba joto la mtoto litatoka kwenye mavazi yake tu.

Ushauri wa kitaalamu kuhusu namna mtoto anavyopaswa kulazwa ulinisaidia kuchagua aina ya vazi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, kinaelekeza mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu na tambarare, katika kitanda chake lakini ndani ya chumba cha wazazi kwa angalau miezi sita ya mwanzo, na kitandani pasiwe na mablanketi yasiyobanwa, mito wala wanasesere. Msukumo wa kuwalaza watoto chali ulianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua sana katika nchi hizo baada ya hapo. Mfuko wa kulalia unaokubalika katika mwongozo huo ni ule wa kawaida. Mifuko yenye uzito ulioongezwa kwa kutiwa punje ndani yake imekataliwa, na mwenye kuiona madukani aiache hukohuko.

Nilianza kwa kutafuta mfuko uliokwisha kushonwa. Duka moja la mjini lilikuwa nao kwa shilingi 65,000, laini kwelikweli, lakini ulikuwa na kofia nyuma ya shingo na kamba ya kuvutia kofia hiyo, vitu viwili ambavyo havifai kabisa kwa mtoto anayelala peke yake gizani. Muuzaji alinieleza kwa upole kwamba kamba naweza kuikata. Kwa bei ile niliona heri nianze na kitambaa.

Gharama zangu zilikuwa hizi: blanketi la manyoya na kitambaa cha bitana shilingi 14,000, zipu 1,500, na ufundi 12,000, jumla shilingi 27,500. Fundi ni mtu mwenye mkono mzuri, mishono yake imenyooka, na hakuna hata mmoja uliofumuka kwa miezi yote minane, ingawa mfuko umefuliwa nadhani zaidi ya mara sitini. Hapo ndipo ninapompa alama zake zote. Kwenye vipimo, hata hivyo, tulisumbuana. Yeye, kama mafundi wetu wengi, hushona nguo ya mtoto kwa kukadiria atakavyokuwa mwakani. Nilimpa urefu wa sentimita 70 kutoka begani hadi chini, akakata 90, na tundu la shingo akaliachia vivyo hivyo.

"Mama, mtoto anakua," alinijibu nilipomuuliza. "Utakuja kunishukuru."

Kwa gauni la sikukuu hoja hiyo inakubalika. Kwa mfuko wa kulalia ni hatari, kwa sababu shingo ikiwa pana kichwa cha mtoto kinaweza kuzama ndani ya mfuko na pua ikafunikwa, na hapo tutakuwa tumeirudisha ile shida ya blanketi kwa gharama kubwa zaidi. Nilimvalisha binti palepale kibandani, nikauvuta mfuko kwenda juu kwa mabega, na kidevu chake kikapotea. Fundi aliliona jambo hilo kwa macho yake na hakubisha tena. Alipunguza shingo na makwapa, akapandisha pindo la chini kwa ndani ili liweze kufumuliwa baadaye, na wazo hilo la pindo, ambalo ni lake, ndilo lililoufanya mfuko mmoja ufae hadi leo. Kipimo tunachotumia sasa ni kwamba zipu ikishafungwa hadi juu, kidole kimoja kipite kati ya shingo ya mtoto na kitambaa, lakini kichwa kisipite kwa namna yoyote.

Mambo mengine mawili niliyakataa. Alitaka kujaza sufi kati ya blanketi na bitana ili mfuko "uwe mzito kama koti la Njombe", nami nilijua sufi hukusanyika upande mmoja baada ya kufuliwa, na nilihofia joto kupita kiasi. Pia bitana aliyoichagua ilikuwa ya kitambaa cha kung'aa, chenye sura nzuri lakini kisichonyonya jasho. Tuliibadilisha kwa pamba. Bila bitana ya pamba nisingemshauri mtu yeyote ashone mfuko huu, kwa kuwa manyoya ya blanketi lile ni ya nailoni na ngozi ya mtoto hutoka vipele haraka.

Mama mkwe alipouona mfuko kwa mara ya kwanza alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, mjukuu wangu mmemfunga lumbesa?" Jina likashika. Hadi leo nyumbani kwetu hakuna anayesema mfuko wa kulalia; tunasema lumbesa, na binti mwenyewe akisikia neno hilo hupikicha macho.

Hilo la kupikicha macho ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Nilinunua joto, lakini nilichopata kikubwa zaidi ni mpangilio. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilikwisha mwezi Aprili, na binti akabaki na dada anayetusaidia kazi, ambaye alikuwa akimlaza kwa mbeleko mgongoni kila aliposinzia, huku jioni mimi nikimlaza kwa kumnyonyesha, na mume wangu kwa kutembea naye ukumbini. Mtoto alikuwa na njia tatu za kulala, na kila njia ilihitaji mtu wake. Tulipoanza kutumia mfuko, dada na mimi tulikubaliana juu ya mfuatano mmoja mfupi ambao kila mmoja wetu angeweza kuufanya: nepi inabadilishwa, pazia linashushwa, mfuko unavalishwa, wimbo mmoja unaimbwa huku zipu ikipandishwa, mtoto analazwa. Mchana mfuatano huo huchukua dakika tano. Baada ya wiki tatu hivi binti alianza kulegea mara tu zipu ilipolia.

Usingizi wa mchana ulichukua muda mrefu zaidi kutulia kuliko ule wa usiku, na nadhani wazazi wengi watakuta hivyo. Akiwa na miezi minne hadi mitano hakuweza kukaa macho kwa furaha zaidi ya saa moja na nusu hadi mbili. Tukimchelewesha tukidhani atachoka na kulala vizuri, alilia zaidi na akalala kidogo. Usingizi wake wa asubuhi, kama saa tatu hivi, ulikuwa wa dakika 35 au 40 tu, akaamka kana kwamba saa imemgongea. Kwa huo hatukujisumbua. Tuliweka nguvu kwenye usingizi wa saa saba mchana, kwa sababu sheria ya kazi inamruhusu mama anayenyonyesha kupata hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, nami nilizitumia kurudi nyumbani, nikamnyonyesha, nikamtia kwenye lumbesa na kumlaza mwenyewe kabla ya kurejea kazini. Usingizi huo ulifika saa moja na nusu kufikia mwezi wa sita. Ule wa tatu, wa saa kumi alasiri, tulimwachia dada na mbeleko yake, na sioni kosa katika hilo maadamu uso wa mtoto uko wazi na mbebaji hajalala. Mtoto anayeimbiwa mgongoni huku maharage yakichambuliwa ana raha ambayo hakuna fundi anayeweza kuishona. Akiwa na miezi minane usingizi huo wa tatu ulijiondokea wenyewe na ikabaki miwili, kama ilivyo kwa watoto wengi wa umri huo.

Kwa jumla Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataja saa 12 hadi 16 za usingizi kwa mtoto wa miezi 4 hadi 11, mchana ukiwemo. Binti yetu anagusa 13 na nusu. Niliandika saa hizo daftarini kwa wiki mbili, kisha nikaacha, kwa sababu daftari lilikuwa linaniharibia usingizi wangu mimi.

Jioni mfuatano unaanzia bafuni. Maji ya moto hutayarishwa saa kumi na mbili kamili, kabla baridi haijakaza, mtoto anaogeshwa haraka na kupakwa mafuta karibu na jiko la gesi lililozimwa ambalo bado lina joto la kupikia, ananyonyeshwa sebuleni kwenye mwanga hafifu, kisha anaingizwa chumbani, lumbesa inafungwa, baba yake anasali, na taa inazimwa kabla ya saa mbili usiku. Kumnyonyesha kabla ya mfuko na si baada yake ni mabadiliko madogo yaliyotuletea faida kubwa, maana aliacha kuhitaji ziwa mdomoni ili asinzie. Kwa wanaotarajia zaidi ya hapo, niseme wazi kwamba mfuko haumfanyi mtoto alale usiku kucha. Wa kwetu aliendelea kuamka kunyonya mara mbili hadi miezi tisa, na meno yalipoota hakuna kilichosaidia. Tofauti ni kwamba aliponyonya alirudi kulala bila kupoa, kwa sababu vazi lake lilitoka naye kitandani na kurudi naye.

Kuhusu kiasi cha joto, mifuko inayouzwa Ulaya huandikwa kipimo kinachoitwa tog, na wa tog 2.5 ndio huelekezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 20. Mfuko wa fundi wetu hauna namba, kwa hiyo mzazi lazima ategemee mkono wake: unagusa kifua au nyuma ya shingo ya mtoto, na pakiwa na jasho au moto unapunguza nguo ya ndani. Viganja na nyayo havitoi jibu la kweli, kwani huwa vya baridi kwa watoto wengi hata wakiwa na joto la kutosha. Hapa palikuwa na ubishi wa kirafiki na mama mkwe, ambaye alitaka kofia ya sufu na soksi mbili mbili. Soksi nilizikubali. Kofia ndani ya nyumba nilimwomba tuiache, kwa sababu mtoto hupoza mwili kwa kichwa na kofia inaweza kuteleza usoni. Tulielewana siku aliposhika mwenyewe shingo ya mjukuu saa tano usiku na kukuta imelowa. Mwezi Julai alivaa fulana ya mikono mirefu na suruali yenye nyayo chini ya mfuko, na hapakuhitajika kitu kingine.

Oktoba mambo yaligeuka. Miezi ya Oktoba na Novemba ndiyo yenye joto hapa kwetu, na mfuko wa blanketi haukuvumilika mchana. Nilirudi kwa fundi, akanishonea wa pili wa kitenge kimoja bila bitana kwa shilingi 9,000, naye safari hii alipima shingo bila kukumbushwa. Huu wa kitenge ndio ninaoupenda kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa hukauka kwa saa tatu. Ule wa blanketi ni mateso kuukausha: katika kiangazi cha Juni, penye jua na upepo, ukiuanika asubuhi unaupata jioni, lakini tangu mvua zilipoanza mwezi Novemba umewahi kuchukua siku mbili, na aliye Tukuyu, ambako mvua haina adabu, asithubutu kuwa na mmoja tu.

Zipu ndiyo kasoro niliyoiona kubwa kuliko zote. Ile ya kwanza, nyembamba ya kushonea sketi, ilikwama wiki ya sita saa nane usiku mtoto akiwa ndani, ikabidi nimtolee juu kwa kubana mabega. Tuliibadilisha kwa zipu ya jaketi yenye meno makubwa, na nilimwomba fundi aigeuze ili ifunguke kuanzia chini, jambo linalowezesha kubadilisha nepi usiku bila kumfunua kifua. Aliongeza pia kijikitambaa kinachofunika kichwa cha zipu pale juu, kisimkwaruze kidevu. Ningeyajua haya mapema ningeyadai siku ya kwanza.

Yapo mahali ambapo mfuko hautumiki kabisa. Haufai kwa mbeleko, kwa kuwa miguu haiwezi kupanuka. Haufai safarini, kwani mkanda wa kiti cha mtoto cha gari hauwezi kupita kati ya miguu, na ndani ya bajaji ya kwenda kliniki asubuhi tulimfunga shuka la kimasai kama kawaida. Mtoto akiwa na homa tulimvua. Haumzuii mtoto kujigeuza, wala haupaswi kumzuia: binti alianza kupinduka mwezi Juni, tuliendelea kumlaza chali, na alipojigeuza mwenyewe tulimwacha, kwa sababu mikono yake ilikuwa nje na huru. Kumfunga mtoto kwa shuka mikono ikiwa ndani, desturi tuliyokuwa nayo tangu alipozaliwa, tuliiacha pale tu alipoonyesha dalili za kupinduka. Chandarua pia kiliendelea kutumika juu ya kitanda, kwa kuwa mfuko unaacha uso na mikono wazi.

Kwa atakayetaka kushona, namshauri aende na kitambaa chake cha pamba kwa ajili ya bitana, aende na zipu ya jaketi, na zaidi ya yote aende na mtoto mwenyewe, asikubali kuondoka kibandani kabla hajamvalisha, akafunga zipu hadi juu na kuuvuta mfuko kwa mabega. Siku ya soko kujaa fundi hana subira ya hayo, kwa hiyo Jumanne au Jumatano asubuhi ni bora. Ahadi ya siku tatu aihesabu kuwa wiki moja. Mimi narudi kwake mwezi Machi, kabla baridi haijaanza, kushona mwingine wenye matundu ya miguu, maana binti sasa anasimama kwa kushika nguzo za kitanda, na juzi ameanguka akijaribu kupiga hatua ndani ya lumbesa yake.